Kipimo cha Chombo: Mafunzo ya Uongozi Kutoka Kilindini

Hii ni nakala ya mada iliyoandaliwa kwa wasimamizi wa wadi, wakuu wa vitengo na maafisa wa nyanjani. Inachapishwa hapa ili wakaazi nao waisome na wapate kuwapima viongozi wao kwayo.

 

Jina Kilindini limetokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Kina hicho ndicho kilichozivuta meli kubwa kutoka bandari ya zamani ya Mji wa Kale, ambako majahazi yalitia nanga kwa karne nyingi, zikaja upande huu wa kisiwa. Mwaka 1896 reli ilianza kutandikwa kutoka Mombasa kwenda bara, na mwishoni mwa 1901 ikafika Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Tangu enzi hizo kazi ya wahandisi haijawahi kukatika hapa. Kuna magati, reli, vivuko, madaraja na mabomba ya maji, na kila kimoja kina hadithi yake.

Wahandisi wana tabia moja ambayo kiongozi yeyote angefaa kuiazima. Hawabishani na bahari. Maji hayajui cheo, hayasomi barua ya uteuzi na hayasubiri taarifa kwa vyombo vya habari. Kama hesabu ni mbaya, chombo kitazama hata kama mgeni rasmi amekwisha kukata utepe. Kazi ya uongozi nayo iko hivyo hivyo, ila tofauti ni kwamba makosa ya kiongozi huchelewa kuonekana, na mara nyingi anayeyalipia ni mtu mwingine.

Mada hii inachukua mambo matano ambayo kila mkaazi wa Mombasa ameyaona kwa macho yake, na kutoka kila moja inatoa somo kwa mtu aliyepewa dhamana ya umma.

1. Kila chombo kina kipimo chake

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri iliondoka Mtongwe ikielekea upande wa kisiwani. Wengi waliokuwa ndani walikuwa wakienda kazini. Feri hiyo ilikuwa na idhini ya kubeba abiria 300. Siku hiyo ilibeba zaidi ya 400. Ilipinduka kabla ya safari kwisha, na watu 272 wakafa maji. Mpaka leo, Likoni na Mtongwe kuna nyumba ambazo tarehe hiyo haipiti bila dua.

Ile 300 haikuwa nambari ya mapambo. Katika chombo cha majini, uzito unahesabiwa, na mahali uzito ulipo panahesabiwa pia. Watu wakisimama wengi kupita kiasi, kitovu cha uzito hupanda juu. Wakisogea upande mmoja kwa pamoja, kama abiria wanavyofanya kila wakati wanapokaribia kushuka, chombo hulala. Kikiwa ndani ya kipimo chake, hulala kidogo kikajirudisha. Kikizidishiwa, hakirudi.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Nchini Uingereza, katika karne ya 19, wenye meli walikuwa wakizishindilia mizigo huku mabaharia wakizama nazo. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, aliwapigania mabaharia hao, na sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha kila meli ichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kuzama kwake majini. Alama ya namna hiyo huonekana mpaka leo kwenye meli zinazoingia Kilindini. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mtaalamu. Mchukuzi aliyesimama gatini anaweza kuiona na kusema, meli hii imezidi.

Wahandisi huongeza kitu kingine wanachokiita kiasi cha usalama. Boriti itakayobeba tani 10 hujengwa iweze kubeba zaidi ya hizo. Ziada hiyo si ya kutumiwa kila siku. Ni ya siku ya upepo, siku ya wimbi, siku ambayo mtu amekosea. Anayeitumia ziada siku ya kawaida hana kitu cha kumwokoa siku mbaya.

Sasa rudini ofisini. Muuguzi mmoja anahudumia foleni ya watu wangapi? Lori la taka linapita mitaa mingapi kabla ya kupelekwa gereji? Dereva wa gari la zimamoto amekesha zamu ngapi mfululizo? Kiongozi anayesifu idara yake kwa “kufanya mengi kwa vichache” hana budi kujiuliza kama anasifu ustadi au anasifu feri iliyozidisha abiria ambayo bado haijapinduka.

Lakini somo zito la Mtongwe liko mahali pengine, nalo ni langoni. Kila mfumo wa kipimo hatimaye humfikia mtu mmoja aliyesimama mlangoni, mwenye mshahara mdogo, mbele yake umati unaochelewa kazini na nyuma yake mkubwa anayetaka safari ianze. Je, mtu huyo ana mamlaka ya kusema “basi, imejaa”? Na akisema, mkubwa wake atasimama naye au atamtoa kafara? Mlinzi wa lango hawezi kuwa jasiri kuliko mkubwa wake anavyomruhusu. Ujasiri huo hujengwa mapema, katika vikao vya kawaida, siku ambazo hakuna hatari yoyote, kwa jinsi kiongozi anavyompokea mfanyakazi aliyemletea neno asilolipenda.

2. Maji yapite

Mwaka 1929 kisiwa cha Mombasa kiliunganishwa na bara kwa tuta la Makupa. Lilikuwa tuta la udongo na mawe lililojazwa baharini, na juu yake likapita gari baada ya gari kwa miaka zaidi ya 90. Kwa wasafiri lilikuwa baraka. Kwa bahari lilikuwa ukuta. Maji yaliyokuwa yakizunguka kisiwa, kati ya hori ya Tudor na upande wa Port Reitz, yalizuiwa. Palipozuiwa, tope lilijikusanya, taka zikatuama, na wavuvi wa pale walikuwa wa kwanza kujua kwamba mahali pamebadilika.

Mwaka 2022 tuta hilo lilibadilishwa kwa daraja, na maji yakaanza kupita tena chini yake kwa kupwa na kujaa.

Tuta na daraja vyote viwili huvusha watu. Tofauti ni kile kinachoendelea chini. Daraja huacha mambo mengine yaendelee, na tuta huyafunga. Viongozi nao wako wa aina hizi mbili. Kuna anayevusha kazi huku akiacha habari zipite, kutoka kwa mkaazi hadi kwa msimamizi wa wadi, kutoka kwa msimamizi hadi kwa waziri wa kaunti, na majibu yakirudi chini. Na kuna anayevusha kazi kwa kuziba. Kila barua lazima ipite kwake, kila lalamiko litulie mezani kwake, na hakuna wa chini anayezungumza bila idhini yake. Kwa muda, mambo huonekana shwari. Shwari ya maji yaliyofungwa hufanana sana na amani, mpaka harufu ianze.

Sheria za nchi zimekwisha kuchora daraja hili. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamtaka afisa wa umma aamue ombi la habari upesi iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya siku 21. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushirikishwaji wa umma katika mambo ya fedha. Kwa hiyo afisa anayemwambia mkaazi “njoo kesho” mara tano anazidi kukosa adabu: anamwaga udongo kujenga tuta pale ambapo Katiba imejenga daraja.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili la kupeana habari kabla ya sheria hizo. Pale Kisauni mpaka leo kuna mahali panapoitwa Kengeleni, kwa sababu ya kengele ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870. Kengele hiyo inakumbukwa kuwa ilipigwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia. Kengele ina kazi moja tu, nayo ni kusikika. Kiongozi anayemkasirikia mpiga kengele ataamka siku moja akute kumetulia, na hatari imekwisha kuingia ndani.

3. Urefu wa boriti ndio upana wa chumba

Ukiingia nyumba za zamani za Mji wa Kale, utaona kwamba vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba. Si kwamba mafundi walipenda wembamba. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, wala haiwezi kuvutwa. Basi fundi alipima boriti kwanza, ndipo akachora chumba. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene za kutosha kubeba uzito na kupoza joto. Aliyetaka nafasi zaidi aliongeza chumba kingine au ghorofa. Hakunyoosha boriti.

Nyumba hizo zimesimama vizazi na vizazi kwa sababu waliozijenga walianza na kilichopo.

Serikali huanza upande wa pili mara nyingi. Inatangaza chumba kwanza, kisha inatafuta boriti. Ahadi inatolewa mkutanoni, watu wanashangilia, na mhasibu anaambiwa akatafute fedha. Matokeo yake wakaazi wanayafahamu: soko lenye nguzo bila paa, zahanati yenye jengo bila muuguzi, mtaro uliochimbwa nusu ukawa shimo la kuwaumiza watoto. Fedha za nusu mradi haziwi nusu ya faida. Nusu daraja halimvushi mtu nusu ya maji.

Hapa kiongozi anahitaji unyenyekevu wa fundi. Bajeti ya mwaka wa fedha ndiyo boriti. Wafanyakazi waliopo ndio boriti. Kuwaambia watu wa wadi, “mwaka huu tutamaliza mtaro huu mmoja, na ule wa pili utaingia bajeti ijayo,” hakupigiwi makofi mengi. Lakini mtaro mmoja uliokwisha huondoa maji msimu wa masika, na mkaazi aliyeona neno moja likitimia huliamini la pili.

4. Kuelea bila kung’oka

Daraja la kwanza la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, nalo lilikuwa likielea juu ya maboya. Lilitumika hadi 1980, lilipofunguliwa daraja la zege linalotumika leo. Miaka 40 baadaye, wakati wa janga la korona, msongamano wa Likoni ulipogeuka kuwa hatari ya kiafya, wazo la kuelea lilirudi. Daraja la waendao kwa miguu lilijengwa kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, likafunguliwa kwa umma mwaka 2021. Sehemu yake ya katikati ilitengenezwa iweze kufunguka, kwa sababu mkondo ule ni njia ya meli zote zinazoingia bandarini.

Bahari ya Mombasa hupanda na kushuka. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Anayevuka Likoni hajahitaji kuambiwa. Maji yakijaa njia ya kuteremkia feri huwa fupi, yakipwa huwa mteremko unaomtoa jasho mwenye mkokoteni. Kitu kilichofungwa kigumu kwenye maji ya namna hii huvunjika. Kwa hiyo daraja linaloelea hupewa ruhusa ya kupanda na kushuka, lakini hushikwa kwa minyororo na nanga lisiende kando. Hata madaraja ya zege huachiwa mianya midogo kati ya vipande vyake, kwa kuwa zege hupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Mpita njia anaweza kudhani mwanya ni kasoro. Ukizibwa kwa zege, ndipo kasoro huanza.

Kiongozi anapaswa kujua ni sehemu gani ya kazi yake iruhusiwe kupanda na kushuka, na ipi ni nanga. Saa za kuhudumia watu, mpangilio wa zamu, namna ya kufanya mkutano wa wadi, hayo yote yaweza kubadilika. Mkutano wa hadhara unaoitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi utampata nani, kama wakaazi wengi wako bandarini, sokoni na viwandani? Usogezwe jioni au mwisho wa juma, wala hakuna sheria iliyovunjika. Lakini taratibu za zabuni, hesabu za fedha na usawa wa watu mbele ya huduma ni nanga. Hazipandi wala hazishuki, awe anayeomba ni ndugu, mfadhili au mwenye kelele. Kiongozi aliyefunga kila kitu huvunjika, na aliyelegeza kila kitu huchukuliwa na mkondo.

Kuna funzo la pili katika habari hii ya kuvuka. Likoni huvusha watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 300,000 kwa siku. Feri moja ikiharibika, nusu ya mji huchelewa. Mhandisi akiona njia moja tu, hawezi kulala vizuri mpaka ipatikane ya pili. Ofisi nyingi zina njia moja: mtu mmoja mwenye ufunguo, mtu mmoja anayejua faili liko wapi, mtu mmoja anayeweza kutia sahihi. Akiugua, huduma inaugua. Kumfundisha msaidizi si kujiondoa kazini. Ni kuwajengea wananchi njia ya pili.

5. Chumvi hufanya kazi usiku

Adui mkubwa wa kila kilichojengwa Kilindini ni chumvi. Haina haraka. Katika zege, chumvi hupenya polepole mpaka kwenye nondo, au huingizwa tangu mwanzo na fundi aliyechanganya mchanga wa baharini usiooshwa ili apunguze gharama. Nondo zikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Ndipo zege hupasuka kutoka ndani. Ufa unapoonekana nje, ugonjwa umekwisha kukaa miaka.

Rushwa hufanya vivyo hivyo. Huanza kama chembe, shilingi 200 za kuharakisha fomu au jina moja lililorushwa mbele ya foleni. Jengo linaonekana zima. Rangi ni mpya. Siku linapopasuka, watu huuliza nani alilipiga, kumbe hakuna aliyelipiga.

Dawa ya chumvi ni ukaguzi na matengenezo, kazi isiyo na utepe wa kukata. Mabaharia wa majahazi walijua. Chombo kilipandishwa pwani, kikakaguliwa ubao kwa ubao, kikatiwa kalafati kwenye nyufa na kupakwa deheni chini kabla ya msimu. Na safarini kulikuwa na mtu wa kuteka maji ya ngama, ile sehemu ya chini kabisa ambako kila uvujaji hatimaye hukusanyika. Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nahodha anaweza kusimama tezi kwa fahari akiangalia tanga, lakini ukweli wa chombo chake uko ngamani.

Ngama ya serikali ni dawati la malalamiko, rejista ya wagonjwa waliorudishwa nyumbani bila dawa, orodha ya taa za barabarani zisizowaka, ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Si mahali pazuri pa kupigia picha. Kiongozi anayeshuka huko kila juma hatashangazwa na maji.

Wahandisi wana desturi nyingine ya kupendeza. Zege linapomwagwa, sehemu yake hujazwa kwenye vibweta vidogo, na vipande hivyo huvunjwa kwa mashine, kwa kawaida siku ya 7 na siku ya 28, ili ijulikane nguvu yake halisi. Huvunja kidogo makusudi ili kikubwa kisivunjike. Kiongozi naye aujaribu mpango wake katika soko moja au zahanati moja, akubali utakapovunjika hapo, kisha ndipo aupeleke wadi zote 30.

Maswali ya kurudi nayo ofisini

Mabibi na mabwana, mada hii haimalizwi kwa sifa. Inamalizwa kwa maswali matano, moja kwa kila somo, na kila msimamizi anaombwa kuyajibu kwa maandishi, kisha ayasome mbele ya wafanyakazi wake.

Kwanza, kipimo cha kitengo chako ni kipi, na ni nani wa chini kabisa mwenye ruhusa ya kusema “imejaa”?

Pili, lalamiko la mkaazi huchukua siku ngapi kukufikia, na jibu huchukua ngapi kurudi?

Tatu, ni ahadi gani umeitoa ambayo boriti yake hujaipima?

Nne, katika kazi yako, nini kinaweza kusogea na nini ni nanga? Na ukikosekana wiki mbili, nani atavusha watu?

Tano, mara ya mwisho kushuka ngamani ilikuwa lini?

Na wakaazi mtakaosoma mada hii, nanyi mna sehemu yenu. Ile alama ya ubavuni mwa meli ilichorwa ili hata asiyekuwa nahodha aione. Ulizeni kipimo. Ombeni habari, kwa kuwa ni haki yenu. Na afisa anapofunga lango kwa sababu chombo kimejaa, mwacheni alifunge, hata kama mmechelewa. Asubuhi ile ya 1994, kuchelewa kazini kungekuwa hasara ndogo kabisa.